Kugawana Mawimbi ya Radio

Leo tunasoma jinsi watu walivyoyagawana mawimbi ya radio. Fuata maneno haya kwa kidole huku ukisikiliza.

Neno la kwanza ni eriali. Eriali ni waya au mlingoti unaorusha mawimbi, au kuyapokea. Urefu wake hufuata urefu wa wimbi. Kwa wimbi la mita 360, mlingoti wa mita 90, yaani robo yake, wafaa sana. Kwa hiyo zamani mawimbi yaliitwa kwa mita zake.

Sasa twende Marekani. Mwishoni mwa mwaka 1921 serikali iliziweka stesheni za muziki na mazungumzo zote katika wimbi moja, la mita 360. Stesheni za mji mmoja zililazimika kupeana zamu: huyu asubuhi, yule jioni. Ugomvi haukukosekana. Mwaka 1923 Waziri wa Biashara, Herbert Hoover, alianza kuzigawia mawimbi mbalimbali.

Kampuni ya Zenith ya mji wa Chicago ilikuwa na stesheni iliyoitwa WJAZ. Ilipewa saa mbili tu kwa juma. Haikuridhika. Ikahamia wimbi lililoachiwa nchi jirani ya Kanada. Waziri akaishtaki, akashindwa. Aprili 1926 mahakama ilisema kwamba sheria ya mwaka 1912 haikumpa waziri nguvu ya kuwachagulia watu mawimbi.

Basi ikawa vurugu! Stesheni mpya zaidi ya 200 zilifunguliwa. Nyingine zilihama mawimbi yao, nyingine zikaongeza nguvu. Mawimbi mawili yakikaribiana sana, radio hutoa mluzi. Fikiri habari ya mkulima aliye mbali na mji. Amenunua radio kwa fedha za mavuno, apate kusikia bei za sokoni na hali ya hewa. Anafungua, anasikia mluzi. Mimi naona mkulima huyo aliumia kuliko waziri.

Februari 1927 Marekani ilipata sheria mpya, na halmashauri yenye nguvu ya kutoa ruhusa na kuinyima.

Lakini wimbi halijui mpaka wa nchi. Mwaka huohuo wajumbe wa mataifa walikutana Washington. Waliyagawa mawimbi kwa kazi zake: haya ya meli, haya ya ndege, haya ya matangazo. Pia walipanga herufi za kuanzia majina ya stesheni za kila nchi, ili anayesikia ajue sauti yatoka wapi.

Mpango huo wa herufi umeongezwa mara nyingi tangu hapo. Tanzania ina 5H, Kenya ina 5Y na 5Z, Uganda ina 5X. Ukienda kiwanja cha ndege, soma alama iliyoandikwa ubavuni mwa ndege. Ikianza na 5H, ndege hiyo imeandikishwa Tanzania.

Sasa chukua daftari, uandike maneno haya matatu: eriali, wimbi, stesheni.