Servo: Mkengeuko Si Kosa

Mtu wa mtaa wa Lac Vert, huku magharibi mwa Goma kwenye njia ya Sake, akipeleka redio yake ya CD kwa fundi huwa na shtaka moja tu: "Fundi, inakatala kusoma." Hukumu nayo mara nyingi ni moja: lenzi imekufa, tafuta nyingine. Lenzi za mashine za miaka ya 1980 na 1990 ni adimu na si rahisi kwa bei, kwa hiyo hukumu hiyo huwa ndiyo mwisho wa redio. Kati ya shtaka na hukumu kuna neno ambalo halijatamkwa, nalo ndilo lingeokoa mashine nyingi: servo.

Servo ni mfumo unaopima wenyewe tofauti kati ya mahali kitu kilipo na mahali kinapotakiwa kuwa, kisha unatumia tofauti hiyohiyo kukisogeza, bila kupumzika. Neno hili lina asili ya melini. Katika karne ya 19 mhandisi Mfaransa Joseph Farcot alilitumia kwa injini ya mvuke iliyogeuza usukani mzito wa meli kwa kufuata mkono wa nahodha. Mzizi wake ni neno la Kilatini lenye maana ya mtumwa, na Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya shule zetu za ufundi, kinauita mfumo mzima *asservissement*.

Tukiuita kwa Kiswahili "utumwa", tutakuwa tumebeba aibu ya historia bila kueleza kazi. "Mtumishi" ni neno la heshima, ila Goma mtumishi ni mtu wa kanisani, na hakuna atakayeelewa mtumishi wa redio amevunjika wapi. "Kijirekebishi" linasikika vizuri, lakini halisemi kinachorekebishwa ni nini. Pendekezo la makala haya ni kuliacha neno servo kama lilivyo, katika ngeli ya redio na kamera (servo ya, servo za), na kuliongezea jina la Kiswahili la kazi inayofanywa. Katika mashine ya CD kazi hizo ni nne, na kila moja ina ugonjwa wake.

Kwanza tuone kwa nini zinahitajika. CD, iliyoanza kuuzwa Japani Oktoba 1982 pamoja na mashine ya Sony CDP-101, ina mstari mmoja mrefu unaojizungusha kutoka katikati kwenda ukingoni. Kutoka mzunguko mmoja wa mstari hadi unaofuata ni mikrometa 1.6, unene wa unywele mmoja unaweza kufunika mizunguko kama arobaini. Tena hakuna CD iliyonyooka kabisa wala yenye tundu katikati kamili. Inapozunguka hupanda na kushuka kwa sehemu ya milimita, na mstari wake huyumba huku na huku. Kuondoa mayumbo hayo kiwandani kungekuwa ghali mno, hivyo wabunifu waliiacha CD iyumbe, wakaiagiza lenzi iifuate.

Servo ya ulengaji huipandisha na kuishusha lenzi ili mwanga wa leza ukutane barabara na uso wenye maandishi. Katika mashine nyingi mwanga unaorudi huangukia vipande vinne vya kupokea mwanga: lenzi ikiwa mahali pake, doa ni la mviringo, ikisogea karibu au mbali, doa hurefuka upande mmoja au mwingine. Mashine inapowashwa, lenzi hupanda na kushuka mara chache ikitafuta CD. Isipoipata, mashine nyingi hazizungushi kabisa, hata kama mota ni nzima.

Servo ya njia huisogeza lenzi pembeni kwa kiasi kidogo sana ili isitoke kwenye mstari wake. Ikidhoofika, wimbo huruka au hurudia neno lilelile, hata kwenye CD isiyo na mkwaruzo.

Servo ya mtelezo husukuma kitengo kizima cha lenzi juu ya reli yake, kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Hapa adui mkubwa ni grisi iliyokauka kwa umri, ikachanganyika na vumbi jeusi la mawe ya volkano ambalo mji wetu haulikosi. Dalili yake ni rahisi kuitambua: CD huanza vizuri, kisha hukwama karibu na dakika ileile kila siku. Kuna lenzi nyingi zilizotupwa kwa kosa la grisi.

Servo ya mzunguko hutawala mota. Lenzi ikiwa karibu na katikati, CD huzunguka takriban mara 500 kwa dakika. Ikifika ukingoni, takriban 200. Kipimo chake ni data yenyewe: ikija haraka kuliko inavyotakiwa, mota hupunguzwa, ikichelewa, huongezwa. Ndiyo maana CD inayokimbia ovyo si lazima iwe na mota mbovu. Pengine lenzi haisomi chochote, na servo imekosa cha kupimia.

Neno la pili la kuangalia limeandikwa kwa vifupisho kwenye bodi za mashine nyingi za zamani: FE na TE. Herufi E husimamia neno la Kiingereza *error*, ambalo tafsiri yake ya haraka ni "kosa", na hapo ndipo fundi anayejifunza hupotea. Akiona ishara ya "kosa" ikichezacheza kwenye osiloskopu, hudhani amekamata ugonjwa, akaanza kuzungusha skrubu za marekebisho. Kumbe hata mashine iliyo nzima huwa na ishara hiyo muda wote inapopiga muziki, kwa sababu CD inayumba muda wote. Tafsiri inayofaa ni *mkengeuko*: ishara ya mkengeuko wa ulengaji (FE), ishara ya mkengeuko wa njia (TE). Servo isiyopata mkengeuko haina la kufanya. Cha kuogopwa ni mkengeuko unaokua bila kurudishwa.

Majina haya yanampa fundi mpangilio wa kazi. Aanze na umeme, hasa kapasita zilizozeeka, maana servo zote nne hunywa kisima kimoja. Asafishe lenzi kwa pamba na alkoholi safi, bila kuibonyeza. Afute grisi ya zamani kwenye reli na meno, apake nyepesi mpya. Kisha aangalie ni servo ipi inayoshindwa. Asichungulie lenzi ikiwa imewashwa, kwa kuwa leza ya CD ni ya nanomita 780, na jicho huumia bila kuuona ukali wake. Skrubu ya nguvu za leza aiache kabisa mpaka awe na kipimo: kuipandisha kunaweza kuifanya redio iimbe kwa wiki kadhaa, kisha leza ikafa kweli.

Fundi anayeandika kwenye karatasi ya mteja "servo ya mtelezo, grisi" amemwambia mwenye redio ugonjwa, dawa na sababu ya bei. Aliyeandika "lenzi" peke yake amemuuzia lenzi.