Gerentii ya Hadidiski, Kutoka IBM Mpaka Chumbi

Hadidiski ya kwanza ya biashara, ya IBM mwaka 1956, haikuwa kitu cha kubeba kwapani. Ilikuwa na sahani 50, kila moja na kipenyo cha inchi 24, na yote hiyo ilitunza herufi milioni 5 tu. Wateja waliikodi. Ikiharibika, fundi wa IBM alikuja mwenyewe, maana mali ilikuwa yao.

Zilipopungua ukubwa na kuanza kuuzwa dukani, nafasi ya yule fundi ilichukuliwa na vitu viwili: boksi na karatasi. Boksi lina sponji na mfuko wa kuzuia umeme tuli, kwa sababu ndani yake kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Kishindo kimoja kibaya, sahani imechubuka. Karatasi nayo inaahidi miaka: 2, 3, au 5.

Wengi wetu huisoma miaka hiyo kama umri wa chombo. Mafuriko ya Thailand mwaka 2011 yalionyesha vingine. Maji yaliingia kiwanda cha Western Digital huko Bang Pa-in, hadidiski zikaadimika duniani, bei ikapaa. Mwisho wa mwaka kampuni hiyo ikashusha gerentii ya baadhi ya bidhaa zake kutoka miaka 3 hadi 2. Seagate, ambayo viwanda vyake havikuzama, nayo ikashusha: nyingine kutoka miaka 5 hadi 3, nyingine zikabaki na mmoja. Chuma ni kilekile. Kilichobadilika ni hesabu za muuzaji.

Sasa ilete hadidiski hiyo Chumbi. Inatoka Kariakoo kwa basi, imebanwa kati ya ndoo na magunia, inavuka Daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60, kilikaa muda mrefu bila lami, na mzigo uliopita humo ulitikiswa si mchezo. Risiti imeandikwa "Mali ikishauzwa hairudishwi", ingawa Sheria ya Ushindani ya 2003 ina vifungu vya kumlinda mlaji. Na hata muuzaji akiwa muungwana, kuirudisha ni nauli ya kwenda na kurudi Dar.

Tuseme amekupa mpya. Inakuja tupu. Matokeo ya wanafunzi, picha za harusi, mihutasari ya kijiji, hakuna gerentii inayovirudisha. Aprili 2024 Rufiji ilipofurika na kuzamisha mashamba na nyumba za Muhoro na Chumbi, hakukuwa na karatasi ya kumwonyesha mto. Na gerentii za kawaida hazilipi chombo kilicholowa.

Basi boksi litunze, risiti itunze. Lakini nakala ya pili ipeleke kwa ndugu anayekaa mwinuko, mbali na bonde.