Manhattan kwa dola 24? Hebu tuongee

Kila baada ya muda ile stori inarudi mtandaoni: ati Wahindi Wekundu waliuza kisiwa cha Manhattan kwa dola 24 na shanga, halafu watu wanacheka. Mimi huo utani umenichosha.

Mkataba wenyewe hakuna mtu amewahi kuuonyesha. Kilichopo ni barua ya ofisa mmoja wa Uholanzi, Pieter Schagen, ya Novemba 1626, akiwaambia wakubwa wake kwamba meli imefika Amsterdam na kisiwa kimenunuliwa kwa gilda 60. Shanga hazitaji kabisa. Hizo dola 24 ni hesabu ya karne ya 19. Na Walenape, wenye hiyo ardhi, hawakuwa na desturi ya kuuza ardhi mtu akaondoka nayo milele. Kumkaribisha mgeni atumie, hiyo ndiyo waliijua.

Lakini soma barua yote. Schagen anaorodhesha mzigo wa meli, na humo kuna ngozi 7,246 za biva, yule mnyama wa mtoni anayekata miti kwa meno. Ulaya ilikuwa inataka kofia za manyoya yake. Basi New Amsterdam ilikuwa duka kabla haijawa mji. Kampuni ya Uholanzi ya West Indies, iliyoundwa 1621, ilipeleka familia kama 30 mwaka 1624, na kazi ikawa moja: wenyeji walete ngozi, Waholanzi watoe vitambaa, sufuria na shoka. Na zile shanga tunazochekea? Shanga za kombe za baharini zilikuwa pesa pale. Waholanzi wenyewe walilipana nazo, bana.

Sasa nani alifyeka msitu, nani alijenga ngome? Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na Waafrika waliotumwa na kampuni kama watumwa. Majina ya baadhi yao yanajulikana: Paulo Angola, Simon Congo, Anthony Portuguese. Hawa hawapati nafasi kwenye ule utani wa dola 24.

Mwaka 1644, kampuni ikiwa vitani na Walenape, wanaume 11 waliokuwa wameitumikia karibu miaka 18 waliomba uhuru. Wakapewa, pamoja na wake zao, na mashamba kaskazini ya mji, yaani kati ya Waholanzi na adui. Unaona ujanja? Kila mwaka walipe nafaka na nguruwe mmoja aliyenona, na kampuni ikiwahitaji waje wafanye kazi kwa malipo.

Halafu kuna kipengele ambacho mimi nilikisoma mara mbili: watoto wao, waliokwisha kuzaliwa na ambao bado, wabaki watumwa wa kampuni. Kuna Waholanzi palepale mjini waliolalamika kwamba hilo haliendani na sheria, mtoto wa mama huru kuwa mtumwa. Kampuni haikulifuta. Miaka 20 baadaye Waingereza waliuchukua mji na kuuita New York.