Soga za Wazungu Wazee na Soga za Wazee Wetu

Kuna maneno ambayo sisi waandishi vijana hatuyahesabu kuwa historia. Ni maneno ya watu wazima wanaokaa kitako jioni na kusema, "Siku hizi bwana hakuna kitu, zamani ndiyo ilikuwa dunia." Tunayaita soga au porojo, tunaondoka zetu. Historia, kama tulivyofundishwa, ni tarehe za mikataba, majina ya magavana na sababu tano za kuja kwa ukoloni. Katika makala hii nataka kuipinga fikra hiyo. Nitaanza na soga za Waingereza wazee, wale waliopata kuishi huku kwetu Tarime na Serengeti, kisha nitakuja kwenye soga za wazee wetu wenyewe. Nia yangu si kuwacheka wale wala kuwasifu hawa. Nataka tuone kwamba soga za pande zote mbili zina uzito uleule, ila za upande mmoja ziliwekwa kabatini, na za upande wa pili tumeziachia upepo.

Waingereza hawakuwa wengi huku. Katika Tanganyika nzima, miaka ya mwisho ya ukoloni, Wazungu wa mataifa yote walikuwa kama 20,000 tu, na wengi wao walikaa kwenye miji na kwenye mashamba makubwa ya Arusha, Moshi, Tanga na Iringa. Upande wetu masetla hawakupata nafasi. Palikuwa na Bwana Shauri bomani Tarime, akihangaika na kodi na kesi za wizi wa ng'ombe. Palikuwa na watafuta dhahabu, na wamisionari wa mataifa mbalimbali. Na kule nyikani, pale Banagi, palikuwa na bwana nyama, mlinzi wa wanyama wa serikali.

Hawa wa nyikani ndio waliotuachia maneno mengi zaidi. Katika miaka ya 1930 aliishi Banagi Monty Moore, askari wa zamani aliyepata nishani ya Victoria Cross katika Vita Kuu ya Kwanza. Mkewe, Audrey Moore, akaandika kitabu alichokiita Serengeti, kikatoka mwaka 1938. Baadaye, kuanzia 1956 hadi 1972, mlinzi wa hifadhi alikuwa Myles Turner. Mkewe Kay Turner akatoa kitabu chake, Serengeti Home, mwaka 1977. Myles mwenyewe alifariki 1984, na kumbukumbu zake zikachapishwa 1987 kwa jina la My Serengeti Years. Hesabu mwenyewe, msomaji: familia mbili, vitabu vitatu. Je, wewe unaweza kunitajia vitabu vitatu vya familia mbili za Waikoma au za Wakuria wa miaka hiyohiyo?

Ukivisoma vitabu hivyo utaona kwamba sehemu kubwa ni soga tupu. Gari limezama topeni. Simba wamepita karibu na nyumba. Mvua zimechelewa, wageni wamefika bila taarifa. Ni mambo madogo. Lakini ndani ya hayo madogo mwanahistoria anaokota mambo makubwa: barabara zilikuwaje, nyumbu walipita wapi, serikali ilikuwa na askari wangapi wa kulinda eneo lote lile, na mzungu yule alimwonaje mtu mweusi aliyemchemshia chai.

Uhuru ulipokuja Desemba 9, 1961, wengi wakaanza kufungasha. Wengine walirudi kwao, wengine wakavuka mpaka kwenda Kenya, wengine wakaelekea kusini. Hapo ndipo soga zilipokolea. Mtu aliyekuwa Bwana Shauri akiwa na miaka 30, mwenye wilaya nzima mkononi, amerudi Uingereza, anapanda basi kama watu wengine na jirani yake hajui Tanganyika iko wapi. Amzungumzie nani? Atamtafuta mwenzake aliyewahi kula vumbi lilelile. Wakikutana, mazungumzo ni yaleyale: meli ya kurudia likizo, mpishi aliyejua kuoka mkate kwenye debe, mbu, kwinini, na jua la saa kumi na mbili jioni. Katikati ya Kiingereza chao wanachomeka Kiswahili kilichochakaa kidogo: shauri, duka, safari, kiboko. Maneno hayo kwao si lugha tena, ni picha za ujana.

Sasa tazama wenzetu walivyofanya. Waliowahi kufanya kazi za serikali makoloni walikuwa na chama chao cha wastaafu, kilichoundwa 1960 kutetea pensheni, kikawa na jarida la kukumbushana mambo hadi kilipofungwa mwaka 2017. Kuanzia 1963 hadi 1972 Chuo Kikuu cha Oxford kiliendesha mradi maalumu wa kuwaomba wazee hao barua, shajara, picha na kumbukumbu zao, vikawekwa katika maktaba ya Rhodes House. Mwandishi Charles Allen akawahoji wengine kwa ajili ya redio ya BBC, na mwaka 1979 akatoa kitabu. Mjini Bristol lilifunguliwa jumba la makumbusho ya himaya mwaka 2002. Jumba lenyewe lilifungwa 2008, lakini picha na sauti za wazee zilizokusanywa zilihifadhiwa na jiji lile. Yaani soga za watu wachache walioishi ugenini miaka kumi au ishirini zimepata makabati, namba na watunzaji. Sisi tukitaka kujua Tarime ya 1950 ilikuwaje, inabidi tupande ndege twende tukaulize makabati hayo!

Mimi siwalaumu kwa kukumbuka. Lakini mtafiti akiingia katika kumbukumbu za aina hiyo anakuta pengo. Mara nyingi mbwa ana jina, farasi ana jina, hata gari lina jina. Mpishi ni "mpishi", mbeba mizigo ni "boi", na mfuatiliaji nyayo, ambaye bila yeye bwana nyama angepotea mchana kweupe, anatajwa kwa jina moja tu, tena la kupachikwa. Watu hao walikuwa na koo, walikuwa na wake na watoto, nao pia jioni walikaa wakapiga soga. Walimsema bwana wao. Walijua anaogopa nini, anakunywa kiasi gani na deni lake dukani limefika wapi. Nusu hiyo ya mazungumzo iko wapi? Haiko Oxford.

Sasa nigeuke upande wa pili. Sisi tuliokulia vilima vya Tarime tumezisikia soga za wazee wa Keya, yaani wale waliotumikia jeshi la Mwingereza, King's African Rifles. Wakuria waliingia jeshini kwa wingi, na desturi hiyo ikaendelea hata baada ya JWTZ kuundwa mwaka 1964. Katika Vita Kuu ya Pili Watanganyika zaidi ya 80,000 walivaa magwanda. Vikosi vya Afrika Mashariki vilipigana Uhabeshi 1941, vikapelekwa Madagaska 1942, na 1944 vikapita bonde la Kabaw huko Burma, katikati ya mvua, matope na malaria, wakiwafukuza Wajapani. Wazee wa kwetu wakitaja Burma walitamka "Boma", na mtoto mdogo asiyejua angedhani wanasema habari za boma la Tarime.

Nao soga zao zilifanana na za wale wazungu kuliko unavyofikiri. Namkumbuka mzee mmoja wa jirani, akinyoosha mguu wake mbovu juani, akiniambia: "Mura, wakati wa Mwingereza shilingi ilikuwa shilingi. Bendera ikipanda, hata mbwa anasimama." Mimi namwitikia, "Ndiyo, babu." Wenzangu nao huitikia. Kisha tunakwenda kijiweni, tunayarudia maneno yale kana kwamba tuliyaona wenyewe: eti afadhali mkoloni, eti mkoloni angebaki kidogo, barabara zingekuwa za lami mpaka Mugumu.

Hapa ndipo penye hatari, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Soga ya mzee ni ushahidi wa kweli, lakini wa kitu gani? Shilingi ile alilipwa kidogo kuliko mzungu wa cheo kilekile. Mwaka 2019 nyaraka za Waingereza wenyewe zilitangazwa hadharani, zikaonyesha kwamba hata kiinua mgongo cha kumaliza vita kilipangwa kwa rangi ya ngozi, mzungu akipata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo chake. Bendera ile ilikuwa na kodi chini yake, na asiyelipa alijua kitakachompata. Wakati wa vita hivyohivyo vijana wa Tanganyika walikamatwa kwa nguvu wakapelekwa kwenye mashamba ya mkonge. Mzee anayajua yote hayo. Ukimkalia vizuri, chai ikaongezwa, atakusimulia mwenyewe, tena kwa uchungu.

Basi kwa nini anatamani? Anatamani kwa sababu ileile inayomfanya Bwana Shauri wa zamani atamani Tarime. Mwaka 1944 mzee alikuwa kijana, magoti hayakuuma, alivuka bahari, akaona miji, akarudi kijijini na koti refu la jeshi, wasichana wakamtazama. Mzungu naye wakati ule alikuwa kijana, alilala hemani, alipokewa kwa heshima kila alipokwenda. Wote wawili wanaulilia ujana wao, ila wameupa jina la serikali iliyokuwapo. Kijana anayesikiliza asipoutenganisha ujana wa mzee na utawala wa mkoloni, atameza vyote viwili pamoja. Soga isiyoandikwa na kuulizwa maswali ina hasara hiyo: inafika kwetu ikiwa utamu tu, machungu yamechujwa njiani.

Kwa upande wa Serengeti hasara ni kubwa zaidi, maana kule soga ni habari ya ardhi. Katika kumbukumbu za Wazungu nyika ile mara nyingi ni tupu, ya wanyama na machweo. Filamu ya Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, iliyotoka 1959, iliieneza picha hiyo duniani kote na kupata tuzo ya Oscar. Lakini waulize wazee wa Ikoma, Nata, Ishenyi au Ngoreme. Kwao mahali palepale pana majina: pale palikuwa mji wa ukoo fulani, pale pana misambwa ambapo watu walikwenda kuomba mvua, huku palichimbwa mitego ya nyumbu. Mwaka 1951 ikawa hifadhi ya taifa. Mwaka 1959 mipaka ikapangwa upya, ikasogea kaskazini. Katika miaka ya 1960, tukiwa tayari huru, eneo la Lamai ng'ambo ya mto Mara likaongezwa. Mwaka 1994 yakaja mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Mwindaji aliyelisha watoto wake akageuka jangili. Sisemi hifadhi ifutwe, la hasha! Wanyama wale ni mali yetu na ya wajukuu wetu. Ninachosema ni kwamba siku watu wanapokaa mezani kujadili mpaka, mwenye kumbukumbu iliyoandikwa anatoa kitabu, na asiye nayo anaambiwa, "Mzee, hizo ni hadithi."

Je, kazi hii inawezekana? Inawezekana, na imeshaanzwa. Mwaka 1996 ilitoka kamusi ya Kikuria iliyotungwa na wenyeji wawili, Muniko na Magige, pamoja na mtaalamu Malcolm Ruel aliyewahi kukaa na Wakuria miaka ya 1950. Mwaka 2003 mwanahistoria Jan Bender Shetler alichapisha mkusanyo wa historia za Mara ya kusini zilizoandikwa na wenyeji wenyewe, watu waliokuwa wamejaza madaftari yao nyumbani bila kuagizwa na mtu. Mwaka 2007 akatoa kitabu kingine juu ya jinsi watu wa magharibi ya Serengeti wanavyoikumbuka nchi yao. Kumbe madaftari yalikuwapo! Yalikosa mtu wa kuyafuata tu.

Tatizo letu vijana ni kwamba tukimwendea mzee tunakwenda na maswali ya mtihani: ukabila ulianzaje, ukoo wenu ulitoka wapi. Mzee anakaa sawasawa, anasafisha koo, anatoa hotuba. Hotuba siyo soga. Sisi tuulize yaliyo madogo. Koti la jeshi lilikwenda wapi? Bwana nyama alipofika kijijini mbwa walifanyaje? Mama zenu walificha nini siku ya kodi? Mpishi wa Bwana Shauri alikuwa mtoto wa nani? Na bibi zetu tusiwasahau, maana hawakwenda Burma, lakini wao ndio waliolima, waliochunga na waliongoja.

Simu karibu kila mmoja wetu anayo, na inanasa sauti. Wazee wa Keya waliofika Burma karibu wote wameshatuaga, na waliokuwa watoto siku mpaka wa hifadhi ulipopigwa nao wana mvi. Wazungu wazee walipoanza kuulizwa na Oxford mwaka 1963, ukoloni ulikuwa umeondoka Tanganyika miaka miwili tu. Sisi tumechelewa zaidi ya miaka 60. Basi jioni hii mzee akianza na "siku hizi hakuna kitu", usiondoke. Vuta kigoda, mwamkie, kisha umuulize mpishi yule aliitwa nani.