Sikukuu ya Mashujaa Chaani: mapumziko, dua na askari wasio na makaburi

KILA Oktoba 20 inapowadia, Wakenya huadhimisha Sikukuu ya Mashujaa, ambayo Katiba ya 2010 iliiweka mahali pa Kenyatta Dei. Tarehe yenyewe yatokana na usiku wa mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari na kumkamata Mzee Jomo Kenyatta na wenzake.

Katika mtaa wa Chaani, eneobunge la Changamwe, Mombasa, siku hiyo aghalabu huwa ya mapumziko. Gwaride na hotuba ya Rais hufuatwa kwenye redio na runinga. Baadaye vijana huelekea uwanjani, nazo familia huabiri matatu kwenda ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta au bustani ya Mama Ngina, ambako sherehe za kitaifa za 2019 ziliandaliwa. Wafanyakazi wa zamu hawana bahati hiyo, kwani Bandari ya Kilindini haifungwi.

Sikukuu hii si ya wanajeshi pekee. Siku ya Majeshi ya Ulinzi, iliyoanza kuadhimishwa 2012, huwa Oktoba 14, wala si ya mapumziko. Jamaa za waliouawa El Adde, Somalia, Januari 15, 2016, wana tarehe yao. Khitma au ibada nyumbani haingoji kalenda ya serikali.

Mkazi wa Chaani anayeingia mjini kupitia Makupa hupita, pengine bila kutazama, sanamu za askari katika Barabara ya Jomo Kenyatta. Ni ukumbusho wa Waafrika waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza, wakiwemo wapagazi walioangamizwa zaidi na maradhi na njaa kuliko risasi. Haubebi jina la marehemu hata mmoja. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa kuwatenga Waafrika wengi namna hiyo, ikikiri kwamba wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina.

Walioondoka Kilindini Februari 1944 wakiwa ndani ya meli Khedive Ismail angalau waliandikwa. Miongoni mwao walikuwa askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, waliokuwa wakielekea Colombo. Februari 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani iliipiga meli hiyo kwa topido, ikazama kwa dakika chache na kuua watu 1,297, wakiwemo wanawake 77, wengi wao wauguzi.

Wapiganaji hao wa Afrika Mashariki hawana makaburi. Majina yao yamechongwa katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi, takriban kilomita 480 kutoka gati walikopandia meli.