Vijiji Viwili vya 1954: Utamaduni na Uponyaji wa Majeraha ya Nafsi

Makala hii inanuia kuchunguza swali moja: je, tiba ya majeraha ya nafsi huheshimu utamaduni wa mgonjwa kwa sababu tu imetumia mila zake? Siku hizi jibu la wengi ni ndiyo. Historia ya mwaka 1954, hata hivyo, yatutaka tusiharakishe kukubali. Katika mwaka huo neno “kijiji” lilitumika kwa kazi mbili zilizokinzana, moja huko Nijeria na nyingine hapa Kenya.

Tuanze na Nijeria. Daktari Thomas Adeoye Lambo, mzaliwa wa Abeokuta aliyesomea Uingereza, alirejea nyumbani kusimamia hospitali ya magonjwa ya akili ya Aro. Badala ya kuwafungia wagonjwa nyuma ya kuta, aliwapangisha katika vijiji vya jirani. Kila mgonjwa aliandamana na jamaa yake mmoja angalau, wa kumpikia na kumliwaza. Mchana mgonjwa alikwenda hospitalini kutibiwa, jioni akarudi kuishi miongoni mwa watu. Lambo aliwashirikisha pia waganga wa jadi wa Kiyoruba, kwani walijua lugha ambayo mgonjwa aliitumia kuyaeleza mateso yake. Dawa na sindano za kizungu hazikuachwa. Kilichobadilika ni kwamba mgonjwa hakuondolewa katika jamii yake ili apone.

Kenya nayo ilikuwa katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Serikali ya kikoloni ilimwomba Daktari J. C. Carothers, aliyekuwa amesimamia hospitali ya Mathari kwa zaidi ya miaka kumi, atoe rai yake kuhusu Mau Mau. Ripoti yake, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1954, inastahili kusomwa na mhakiki kama matini yoyote nyingine. Msimulizi wake anajua kila kitu, naye Mgikuyu anayesimuliwa hana sauti. Dai la ardhi na uhuru linageuzwa kuwa dalili ya nafsi iliyoyumba kati ya ukale na usasa. Kwa mbinu hiyo ya usimulizi, malalamiko ya kisiasa yanakuwa ugonjwa, na mlalamikaji anakuwa mgonjwa.

Carothers aliunga mkono pia mpango wa kuwakusanya watu vijijini. Kuanzia Juni 1954 Wagikuyu zaidi ya milioni moja waliondolewa katika maboma yao yaliyotawanyika na kurundikwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miiba, chini ya amri ya kutotoka nje. Aro jamaa alikwenda kukaa na mgonjwa wake. Huku, watu wa familia moja waliweza kutenganishwa, baba kizuizini na mama katika kazi ya shuruti.

Lakini tofauti hiyo ya wazi isitufiche jambo gumu zaidi, kwamba wakoloni nao walitumia mila. Wagikuyu walikuwa na dhana ya thahu, yaani unajisi unaompata mtu, kwa mfano, aliyegusa maiti au kumwaga damu. Mganga alimtakasa kwa kumwamuru autapike uovu huo mbele ya watu wake. Huu ulikuwa utaratibu wa kumrejesha mtu katika jamii baada ya msiba, na haukosi kufanana na kile tunachokiita leo tiba ya kiwewe. Serikali iliuchukua utaratibu huo. Wazee na waganga waliolipwa walipelekwa kuwaondolea watu kiapo, wakitumia hata githathi, jiwe takatifu la kuapia. Katika kambi za kizuizini, kuungama kukawa sharti la kufunguliwa.

Mila ilikuwa ile ile, lakini maana yake ilipinduliwa. Katika utakaso wa asili, mtu au jamaa zake ndio waliomwendea mganga, na waliosikiliza ni wale ambao angeishi nao. Katika utakaso wa serikali aliyeita ni mtawala, aliyesikiliza ni mpelelezi, na lililotapikwa liligeuka ushahidi. Mateso ya Hola, ambako wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo tarehe 3 Machi 1959, yalidhihirisha mwisho wa “tiba” ya namna hiyo.

Hapa ndipo fasihi inapoingia. J. M. Kariuki alichapisha kumbukumbu zake za kizuizini mwaka 1963. Gakaara wa Wanjau alichapisha zake kwa Kigikuyu mwaka 1983, na mwaka uliofuata akatunukiwa Tuzo ya Noma. Aghalabu vitabu hivi husomwa kama nyaraka za siasa. Yamkini vinafaa kusomwa pia kama ungamo lililorudishwa kwa mwenyewe. Kariuki anakieleza kiapo kama kuzaliwa upya, wala si uchafu wa kutapikwa. Gakaara naye anachagua lugha ambayo wasomaji wake wa kwanza watakuwa wale walioteseka pamoja naye. Wote wawili wanachukua nafasi ya msimulizi aliyokuwa ameishika Carothers.

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hiyo inampa aliyeumia haki ya kwanza ya kulitaja jeraha lake. Haki hiyo ilichelewa mno. Ni tarehe 6 Juni 2013 tu ambapo serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya paundi milioni 19.9. Wengi wa wenzao walikuwa wamekwisha kufa bila kusikilizwa.

Kwa kuhitimisha, ngoma, mganga na kijiji si ithibati ya heshima kwa utamaduni. Hatuna budi kuuliza ni nani aliyeita tambiko, ni nani anayesikiliza, na neno la mgonjwa linapelekwa wapi likishatamkwa. Aro iliyajibu maswali hayo kwa manufaa ya mgonjwa. Vijiji vya Hali ya Hatari viliyajibu kwa manufaa ya mtawala, hata pale vilipotumia mila ya mgonjwa mwenyewe.