UTI na uti

Kwa herufi kubwa ni UTI, husomwa yutiai: maambukizi ya njia ya mkojo. Kwa herufi ndogo ni uti wa mgongo, ule wa homa ya uti wa mgongo, ugonjwa mwingine kabisa. Kifupi hicho kimezoeleka mno, hata mtu hufika duka la dawa akasema, “Nina UTI, nipe dozi,” bila kupimwa mkojo.

Kasoro yake ni kwamba hakisemi ugonjwa umefika wapi. Bakteria, hasa E. coli wa utumboni, huingilia chini na kupanda. Mrija wa mkojo wa mwanamke una sentimita 4 hivi, wa mwanamume hukaribia 20. Ndiyo sababu kubwa ya wanawake kuugua zaidi, na kuwasengenya kwa uchafu au umalaya ni kuwaonea.

Bakteria wakiishia kwenye kibofu, mkojo huchoma na kubana kila mara, ukienda chooni vinatoka vitone tu. Wakipanda hadi kwenye figo, huja homa, kutetemeka, kutapika na maumivu ya ubavu chini ya mbavu. Maumivu hayo wengi huyaita “mgongo”, wakachuliwa kwa mafuta huku figo ikiharibika.

Kiswahili kina maneno bayana: maambukizi ya kibofu, maambukizi ya figo. Cheti kikiandikwa UTI, muulize daktari ni yapi kati ya hayo. Mjamzito aulize siku hiyohiyo.